Kisima Kilichobarikiwa

Homa Bay,
Jumanne, juma la tano la Pasaka.

Kwako Baba mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristu. Najua hata ukinikasirikia namna gani, salamu hiyo huwezi kuiacha bila kuijibu, kwa hiyo nimeanza nayo makusudi. Ukishaijibu, hata kwa sauti ya chini, tutakuwa tumeanza kuzungumza.

Hujambo lakini? Goti lako la kushoto linaendeleaje, lile linalojua mvua kabla ya redio? Wifi Nyakerario ameniambia kwamba mahindi yameota vizuri, kwamba ng'ombe mwekundu amezaa, na kwamba bado unaamka kabla ya watu wote, unachota maji na kumwagilia maua ya kaburi la Mama kabla ya kwenda kupiga kengele ya kigango. Niliposikia hilo la maua nilifurahi, kisha nikaenda kukaa bafuni nikalia. Mimi ni mzima wa mwili. Chakula cha hosteli ni kilekile, maharagwe yanayopikwa kana kwamba yana kesi, lakini tunashiba.

Utajiuliza kwa nini naandika barua siku hizi za simu. Kwanza, tangu Ijumaa Kuu hupokei simu yangu. Pili, hata ungepokea, wewe huweka simu kwenye spika ili usikie vizuri, na dala zima, boma letu lote, likasikia pamoja nawe, pamoja na wapita njia. Habari hii nataka uisome peke yako ukiwa umeketi. Ndiyo maana nimemwomba Padre Bogonko, mlezi wa kikundi chetu, akuletee kwa mkono. Yeye alijitolea akueleze kwa mdomo badala ya mimi kuandika. Nilikataa. Nilimwambia kuna maneno ambayo mzazi hastahili kuyasikia kwa mgeni kabla ya kuyasikia kwa mtoto wake.

Nakuomba jambo moja tangu sasa. Ukimwona Nyakerario, na tumbo lake lile, anapita kando ya kisima chetu na mtungi mtupu kwenda hadi kwenye tangi la shule, usimgombeze. Mimi ndiye niliyemwomba afanye hivyo, na sikumwambia sababu. Kaka Maurice naye asimfokee mkewe. Sababu utaikuta humu, lakini nitaanzia mbali, kwa sababu nataka uijue njia niliyopita kabla hujaamua kama mimi bado ni mtoto wa nyumba yako.

Naandika kwa Kiswahili kama tulivyozoea. Watu walikuwa wakitucheka, Wajaluo wanaozungumza Kiswahili jikoni kama maofisa. Hawakujua kwamba Mama alipokuja kwako kutoka Kuria hakuwa na neno moja la Dholuo, na wewe hukuwa na neno moja la Kikuria, mkakutana katikati kwa Kiswahili cha sokoni na cha kitabu cha sala. Mambo yote makubwa ya nyumba yetu yalisemwa kwa lugha hii. Na hili nalo liwe hivyo.

Unakumbuka nilipojiunga na YCS, kikundi cha wanafunzi Wakatoliki, hapa chuoni ulivyofurahi. Ulifurahi kuliko siku matokeo yangu yalipotoka. Ulinipa rozari yako ya zamani, ile ya mbegu, ukaniambia nisije nikaiona dunia nikamsahau Mungu. Mwanzoni kikundi kilikuwa kama ulivyokitaka. Tulifagia kanisa, tuliimba, na kila Jumamosi tulikwenda kutembelea wagonjwa wodini na sabuni, sukari na ndizi. Tuliwashika mikono, tukasali nao fungu moja la rozari, tukarudi hosteli tukijisikia watakatifu. Wengine, Mungu atusamehe, walipiga na picha.

Aliyetuharibia utulivu huo ni Joash. Ulimwona Ijumaa Kuu, yule kijana mrefu wa Ndhiwa aliyeshika msalaba. Wewe ulimwona mkorofi, na sitabisha sana, maana hata sisi hutuudhi. Siku moja kwenye mkutano, tukiwa tunajadili rangi ya sare za kwaya, alinyoosha mkono akasema kwa sauti yake ya kivivu, "Wasee, tumepeleka sabuni mpaka tumechoka. Hakuna mtu ameuliza hawa mamas wa kutoka migodini wanatetemeka juu ya nini." Katibu alitaka turudi kwenye sare. Lakini Padre Bogonko, aliyekuwa amekaa nyuma akisahihisha mitihani yake, aliinua kichwa akatukumbusha kwamba kikundi chetu kina kanuni ya kazi tangu kilipoanzishwa: kutazama, kuamua, kutenda. Alisema sisi tumekuwa tukitenda bila kutazama, na kwamba mtu anaweza kufanya huruma miaka yote na asijue anamhurumia nani, wala kwa nini mtu huyo yuko pale.

Basi tukaanza kutazama. Katika Kwaresima tulikwenda Karungu na vijiji vya Nyatike, hata vile vya karibu na nyumbani. Wewe unaijua kazi ya dhahabu kuliko mimi, umezika watu wengi waliofunikwa na mashimo. Lakini mimi, mtoto wa hapo, sikuwa nimewahi kukaa na akina mama wanaoosha. Niliwapita tu nikienda shule. Safari hii nilichutama nao. Niliwaona wakimimina zebaki kwenye karai la mawe yaliyosagwa, wakaichanganya kwa mikono mitupu, mwingine mtoto mgongoni, kisha maji yale yakamwagwa kwenye bwawa la udongo, na bwawa likijaa likafurika kuelekea popote ardhi inapoelekea. Niliwauliza kama hawaogopi. Mmoja alicheka, akaniambia kwa Dholuo kwamba njaa ndiyo anayoiogopa, hii nyingine hawajaonana.

Njia ya Msalaba ya Ijumaa Kuu ilitokana na hayo. Najua unayo yako ya kusimulia kuhusu siku ile. Niruhusu nisimulie ya kwangu. Hatukuja kukuvuruga. Tuliona kwamba vituo vya msalaba viko hapohapo kijijini, vimesimama, havihitaji kuchorwa. Kituo cha Veronika anayempangusa Yesu uso tukakiweka penye makarai. Yule mama muosha dhahabu alinyoosha mikono yake mbele ya watu, ikawa inatetemeka. Nilikutazama wakati ule, Baba. Ulikuwa umeinamisha kichwa, na nilidhani umeguswa kama sisi. Sasa nafikiri ulikuwa unaona mikono mingine.

Kisha tukafika kituo cha Yesu kuvuliwa nguo, mbele ya lango la kinu cha Bwana Wangwe cha kusagia mawe ya dhahabu, na hapo mambo yakaharibika. Joash alisoma kwamba ardhi ya Nyatike nayo imevuliwa ngozi, na kwamba mifuko ya saruji iliyopelekwa kanisani haiwezi kufunika kilichovuliwa. Hakutaja jina. Lakini Bwana Wangwe alikuwa amesimama palepale katika suti yake ya kijivu, na kila mtu alijua mabati ya kigango na saruji ya kisima chetu vilitoka kwa nani. Ulimnyang'anya Joash msalaba. Ulisema Njia ya Msalaba si maandamano, na kwamba hawa Gen Z wa altare warudi mjini wakapigie kelele serikali yao. Kisha ukanigeukia mimi, ukaniambia niondoke. Uliniambia kwa Dholuo. Tangu nizaliwe hujawahi kunikaripia kwa lugha nyingine isipokuwa Kiswahili, na hilo liliniuma kuliko neno lenyewe.

Nililala jikoni kwa Nyakerario. Asubuhi, ulipokuwa kanisani ukipanga kuni za moto wa Pasaka, nilikwenda kisimani nikajaza chupa.

Nakuomba uelewe kwa nini. Kikundi kilikuwa kimekubaliana kwamba kila anayetoka sehemu za dhahabu alete maji ya kwao yakapimwe. Ndivyo kanuni yetu inavyotaka, uanze kutazama nyumbani kwako kabla ya kunyooshea wengine kidole. Wenzangu walichota kwa wasiwasi. Mimi nilichota kwa kujivuna. Nilitaka kina Joash waone kwamba kuna mtu mmoja Nyatike anayewapa watu maji safi, hauzi, hafungi lango, haulizi mtu ni wa kanisa gani, na mtu huyo ni baba yangu. Nilipanga majibu yakitoka niyabebe hadi nyumbani yawe ndiyo njia yangu ya kukuomba radhi. Nilikuwa nimeshapanga hata maneno. Kwenye chupa niliandika kwa herufi kubwa, Kisima cha Mama Maria.

Chupa zote zilipelekwa maabara ya Kisumu na mwalimu wetu wa kemia, Madam Shamima. Ni Mwislamu wa kutoka Lamu, mpole, mwenye kusema polepole, na kazi hii aliifanya siku zake za mapumziko bila kuombwa mara mbili. Wiki jana aliniita peke yangu, akafunga mlango wa stoo ya maabara, akanipa kiti.

Kabla sijaandika alichoniambia, lazima nirudi kwa Mama. Nisamehe. Najua hupendi tuyazungumze, lakini siwezi kuruka.

Ulipotoka kwenye dala la Babu kwenda kuanzisha lako, wazee walitaka uende na jogoo, shoka na moto, na Maurice akiwa mbele, kama mila inavyotaka. Ulikataa. Ulikwenda na msalaba na Padre, misa ikasomwa pale nyasini, na palepale ukachimba kisima, na kisima nacho kikabarikiwa. Mimi nilikuwa mdogo lakini nakumbuka Mama alivyocheka maji yalipotoka, akakurushia kwa kiganja mbele ya Padre. Watu wakaja kuchota. Wengine waliyachukua kama maji tu, wengine wakaweka kwenye chupa wakawapelekea wagonjwa wao, na wewe hukuwakataza, maana uliamini Mungu hana ubahili.

Miaka ikapita, kisha vikombe vikaanza kumponyoka Mama. Mwanzo tulimtania. Halafu sindano ikamshinda, yeye aliyekuwa akishona vitambaa vyote vya altare ya kigango. Hospitali wakasema ni neva, wakampa vidonge. Ufizi ukamvimba, usingizi ukamkimbia, akawa mkali kwa watu aliowapenda. Jirani hakuhitaji hospitali kumwambia, alishajua kwamba ni chira, ile laana inayomfuata aliyevunja mila, na kwamba Mkuria yule anatetemekea dala lililoanzishwa bila jogoo. Baba Mkubwa alileta manyasi, dawa ya kutakasa, akakusihi. Ukamwambia mke wako hatakunywa majani ya mashetani wakati ana maji yaliyobarikiwa mlangoni pake. Nami nilikuunga mkono. Nilijiona nina baba shujaa.

Ukawa unamnywesha wewe mwenyewe. Kikombe cha bati chenye ua la bluu, asubuhi kabla ya kengele na jioni baada ya sala. Uliyachemsha kwanza, kwa uangalifu wako. Mimi nikija likizo nilishika zamu ili upumzike. Mwisho, unakumbuka, Kiswahili kilimtoka Mama. Kilitoka kidogokidogo mpaka akabaki na Kikuria chake cha utotoni, na wewe ukawa unakaa kando ya kitanda unamsikiliza mke wako na humwelewi. Kulikuwa na neno moja tu tulilolielewa, kwa sababu alilisema akionyesha kikombe. Tukampa. Kila alipoomba, tukampa.

Siku ya mazishi Baba Mkubwa alisimama mbele ya watu, jeneza likiwa halijashuka, akasema umemuua mkeo kwa kiburi cha dini. Uliendelea na sala za maziko kwa sauti ileile, wewe katekista ukimzika mkeo, na tangu siku ile sijakusikia ukiimba.

Sasa nitaandika, Baba. Nimeahirisha kurasa hizi zote.

Kisima chetu kina zebaki. Madam Shamima alisema majibu ya chupa yangu aliyarudia kwa sababu hakuyaamini, na mara ya pili yakawa yaleyale. Visima vingine vina kidogo, vingine havina kabisa. Chetu ndicho kibaya kuliko vyote tulivyopima. Alisema kuchemsha hakusaidii kitu. Kisha akaniuliza swali moja tu, kama nyumbani kuna mtu anayetetemeka. Nikamwambia alikuwepo.

Alinitaka nimweleze, nikamweleza kama nilivyokueleza hapa, vikombe, sindano, ufizi, hasira, maneno kupotea. Alivua miwani yake na hakuivaa tena mpaka nilipomaliza. Aliniambia kweli kwamba hawezi kuapa kilichomuua Mama, kwa sababu hakuna aliyempima akiwa hai na sasa hakuna wa kumpima. Lakini alisema dalili nilizozitaja ndizo zenyewe, na kwamba angeambiwa azieleze darasani angezieleza hivyohivyo.

Haikuwa chira, Baba. Nataka ulisome hilo kwanza, ulirudie, hata umsomee Baba Mkubwa kama atakubali kusikiliza. Haikuwa jogoo wala shoka. Mungu hakukuadhibu kwa kumchagua yeye badala ya mila, wala mizimu ya Babu haikumfuata mwanamke wa Kikuria ambaye hakuwakosea lolote. Umebeba neno la Baba Mkubwa miaka hii yote, na lilikuwa uongo.

Ningependa kuishia hapo. Nimekaa na karatasi hii siku kadhaa nikijaribu kuandika barua inayoishia hapo. Lakini wewe si mjinga, na ukiondoa chira utauliza ni nini basi, na utakitazama kikombe. Ndiyo, Baba. Ni kikombe. Ni mkono wako na ni mkono wangu, na sijui tutafanyaje na mikono hii. Mimi tangu siku ile nikiosha vyombo naiangalia yangu kama ya mtu mwingine.

Ila nisikilize. Ulipochimba, mlimani juu yetu hapakuwa na bwawa la kuoshea hata moja. Ulichimba maji. Mama aliyarusha hewani akacheka, na siku ile yalikuwa maji. Kinu kilikuja baadaye, na mabwawa yakafuata, moja baada ya jingine, juu ya ardhi yetu, na hakuna ofisa aliyekuja kuuliza yanafurikia wapi. Siku Bwana Wangwe alipoleta saruji ya kujengea ukingo wa kisima tulimpigia makofi, na mimi ndiye niliyemwimbia wimbo wa shukrani. Sijui kama alijua. Namchukia, nalikiri hilo, na nitalipeleka kwenye kitubio, lakini bado sijalipeleka.

Wenzangu waliponisikia walilia pamoja nami. Hata Joash, ambaye sikujua kwamba ana machozi. Majibu yatasomwa vigangoni Jumapili ya Pentekoste, mbele ya watu wa afya wa kaunti, ili mabwawa yaondolewe na watu wapimwe. Mkuu wa chuo ametuonya kwamba chuo si chama cha siasa, na huenda wengine wetu tukasimamishwa masomo. Hilo tumelikubali. Joash alipendekeza kisima chetu kisitajwe kwa jina, kisemwe tu ni kisima fulani, kwa heshima yako na kwa ajili yangu. Alisema, "Sisi ni familia, Phanice, hii tunaweza kuiweka low." Nilikataa. Kama nimemtaka Bwana Wangwe aseme kweli mbele ya lango lake, siwezi kuificha penye ukingo wa kisima chetu. Lakini niliwaomba muda, ili usikie kwangu kabla ya Pentekoste.

Sasa ninalokuomba. Watu wanachota pale leo, saa hii unaposoma. Wanawapelekea wagonjwa. Wakija vijana wa chuo na makaratasi watasema ni fitina ya Gen Z. Akija Padre Bogonko watasema ni mgeni. Akija mtu wa kaunti watasema ametumwa kuleta bili. Mtu mmoja tu atakayewaambia msinywe na wasinywe, ni wewe. Wewe ndiye uliyekifungua kisima kwa sala, na naomba wewe ndiye ukifunge. Najua ninakuomba usimame mbele ya watu walewale waliosikia ukiitwa muuaji, uwaambie maji yale yalikuwa na nini na nani aliyanywa zaidi. Nimejaribu kutafuta njia nyingine ya kukupunguzia, sikuiona. Kama ningeweza kusimama badala yako ningesimama, lakini hawataniamini mimi.

Nitakuwa kando yako, ukinitaka. Abdishakur, mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini, aliposikia habari hii alitupatia tangi kubwa la maji ya mvua na lori la kulileta. Tulipomshukuru sana alituambia kwamba kwao Wajir mtu mwenye kiu haulizwi anasali wapi. Nilimwambia ningependa akutane nawe, mngeelewana. Jumamosi nitakuja na lori hilo pamoja na Joash. Tutaliweka tangi pale utakapotuonyesha. Na kama bado neno lako la Ijumaa Kuu ni lilelile, tutaliteremsha langoni nami nitarudi na lori hilohilo. Sitakulaumu. Lakini usinyamaze. Nigombeze kwa Kiswahili, Baba, nitafurahi.

Sikuacha rozari yako. Huwa naisali usiku kwa ajili ya Mama, na siku hizi kwa ajili yako, na nikifika mafumbo ya uchungu sihitaji kufikiri sana. Imani uliyonipa haijaondoka. Padre Bogonko aliniambia kwamba ulichokifanya kwa Mama ulikifanya kwa upendo, na upendo haupotei hata kama maji yalikuwa mabaya. Sijui kama ni kweli au ni maneno ya mapadre. Nataka iwe kweli.

Nisalimie Maurice, umwambie nampenda hata kama hajibu meseji. Mpe Nyakerario pole kwa mzigo wa mtungi, na umruhusu apumzike. Wasalimie wanakwaya, na ndama mpya ambaye natumaini hamjampa jina kabla sijafika. Padre Bogonko ameketi hapo nje akikusubiri umalize. Msimwache bila chai, ila ipikwe kwa maji ya tangi la shule.

Naomba baraka yako, hata kama utaitoa kimoyomoyo.

Na hili la mwisho, dogo tu. Kesho ukiamka kabla ya kengele, mkono utakwenda wenyewe kwenye kamba ya ndoo. Usichote. Mvua za masika bado zipo. Kaburi la Mama liache lisubiri mvua.

Ni mimi binti yako,
Phanice.